Protini kwenye kinyama cha saratani ya utumbo mpana: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Karatasi ya majibu ya kinyama, yaani kipande kilichokatwa kwenye uvimbe ili kipimwe, huja kwa Kiingereza, imejaa herufi na namba: MLH1, MSH6, p53, Ki-67, CDX2. Mara nyingi mgonjwa huishika mkononi kabla hajaonana na daktari wa saratani, na usiku uleule familia nzima inakesha na simu ikitafuta maana yake. Kazi yangu ni kuandaa na kusoma vinyama hivi. Maswali yaliyo hapa nimeulizwa mlangoni mwa maabara, kwenye korido, na kwa simu za jamaa walio mbali. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu yanabadili matibabu, mengine kwa kifupi kwa sababu hayabadili kitu.

Kiashiria cha protini ni kitu gani?

Kila seli hutengeneza protini kwa kufuata maelekezo ya jeni zake. Seli ya utumbo ikigeuka saratani, maelekezo hayo huwa yameharibika: protini fulani hutengenezwa kupita kiasi, nyingine hupotea kabisa, nyingine hukutwa mahali pasipo pake. Kiashiria ni protini ambayo wingi wake, au kukosekana kwake, kunatueleza jambo kuhusu uvimbe.

Jambo lenyewe ni la namna mbili, na hata sisi wahudumu huzichanganya. Kuna kiashiria kinachosema ugonjwa una tabia gani: mpole au mkali, wa kurudi au wa kutulia. Na kuna kiashiria kinachosema dawa fulani itafanya kazi au haitafanya. Protini moja inaweza kusema yote mawili, au moja tu. Ukielezwa kuhusu protini yoyote kwenye ripoti yako, uliza kwanza: hii inatabiri ugonjwa, au inachagua dawa?

Mnaionaje protini? Si ndogo mno?

Hatuioni yenyewe. Tunaona rangi pale ilipo. Kinyama hulowekwa kwenye fomalini, dawa ya kukihifadhi, huondolewa maji, hugandishwa ndani ya nta, halafu hukatwa slesi za unene wa mikromita 3 au 4, nyembamba kuliko unywele zaidi ya mara kumi. Slesi hubandikwa kwenye slaidi, kisha humwagiwa kingamwili iliyotengenezwa kunasa protini moja tu. Mwisho huongezwa kemikali inayoacha rangi ya kahawia palipo na kingamwili ile. Sehemu nyingine hubaki za bluu. Kazi hii huitwa immunohistokemia.

Watu hushangaa nikiwaambia kwamba jambo la kwanza ninalotafuta kwenye slaidi si saratani. Natafuta seli nzima zilizo pembeni yake: limfosaiti (seli za kinga), seli za ukuta wa utumbo, tezi ambazo hazijaharibika. Kama hizo hazikushika rangi zinayopaswa kushika, basi kipimo kimefeli, na kusema kwamba "protini imepotea kwenye saratani" ni uongo. Kosa la namna hiyo kwa kawaida lilianza mbali na maabara: kinyama kilikaa saa nyingi bila fomalini, au fomalini ilikuwa kidogo kuliko kinyama, au kipande kikubwa cha utumbo kilitumbukizwa bila kufunguliwa, dawa isifike ndani.

Kama naweza kudai kipimo kimoja tu, nidai kipi?

Protini nne za MMR (mismatch repair, yaani kusahihisha makosa ya DNA): MLH1, PMS2, MSH2 na MSH6. Nalijibu hili bila kusita.

Seli inapojigawa hunakili DNA yake yote, na katika kunakili hukosea herufi hapa na pale. Hizi protini nne ndizo wasahihishaji. Hufanya kazi wawili wawili: MLH1 na PMS2, MSH2 na MSH6. Akiondoka MLH1, PMS2 hukosa wa kumshikilia, naye hupotea. Akiondoka MSH2, MSH6 humfuata. Kinyume chake si lazima: PMS2 au MSH6 anaweza kupotea peke yake, mwenziwe akabaki. Ndiyo maana maabara isiyo na fedha za kingamwili zote nne inaweza kuanza na mbili, PMS2 na MSH6, na kuongeza nyingine pale mojawapo inapokosekana. Ni njia halali, na kwa bajeti zetu ni njia ya busara.

Katika kila saratani 100 za utumbo mpana, takriban 15 zimepoteza wasahihishaji hawa. Zile zilizokwisha sambaa mwilini ni chache zaidi, kama 5 katika 100. Makosa hurundikana ndani ya DNA yao, na makosa mengi huzaa protini ngeni nyingi. Kinga ya mwili huziona protini hizo ngeni, na askari wake huingia ndani ya uvimbe kwa wingi. Kwenye hadubini unawaona wamejaa.

Kwa mgonjwa wa hatua ya pili, yaani saratani imepenya ukuta wa utumbo lakini haijafika kwenye tezi za limfu, kupotea kwa protini hizi ni habari njema. Uwezekano wa ugonjwa kurudi ni mdogo, na dawa ya tibakemia iitwayo 5-FU ikitolewa peke yake haimwongezei faida. Mtu huyo anaweza kuepushwa miezi sita ya tibakemia, pamoja na vidonda vya mdomo, kuharisha na gharama zake. Kwa hesabu ya kaya nyingi, hiyo ni tofauti kati ya kuuza shamba na kutouza.

Kwa aliyekwisha sambaa, mambo hugeuka. Tibakemia ya kawaida haimfai sana, lakini dawa za kuamsha kinga humfaa. Utafiti wa KEYNOTE-177, uliotangazwa mwaka 2020, ulifuatilia wagonjwa 307 wa aina hii. Waliopewa pembrolizumab, mojawapo ya dawa hizo za kinga, nusu yao walipita miezi 16.5 kabla ugonjwa haujasonga mbele. Waliopewa tibakemia, miezi 8.2. Mwaka 2022 hospitali ya Memorial Sloan Kettering ya New York ilitoa taarifa ya wagonjwa 12 wenye saratani ya rektamu (sehemu ya mwisho ya utumbo mpana) iliyopoteza protini hizi. Walipewa dostarlimab, dawa nyingine ya kuamsha kinga, peke yake, na kwa wote 12 uvimbe ulitoweka usionekane tena, bila kisu wala mionzi. Dawa hizi ni ghali mno kwetu, najua, na inaniuma kuandika habari za dawa ambayo msomaji wangu hataiona dirishani. Lakini kipimo kinachomtambua anayezihitaji ni cha bei ya kawaida, na wapo wanaozipata kupitia majaribio ya tiba au misaada. Asiyepimwa hapati hata nafasi ya kuuliza.

Ripoti inasema "positive" kwa zote nne. Ndiyo nina saratani mbaya zaidi?

Hapana. Tumezoea vipimo vya malaria na VVU, ambako neno hilo ni habari mbaya. Hapa lina maana kwamba protini ipo kama kawaida. Ripoti nyingine huandika "retained" au "intact", na maana ni ileile: wasahihishaji wapo kazini. Neno la kulitazama ni "loss" au "lost". Mara mbili nimeona familia ikilia kwa sababu ya neno "positive" kabla ya mtu yeyote kuwaeleza.

MLH1 imepotea. Watoto wangu nao watapata?

Inategemea, na hapa usikubali jibu la haraka kwa upande wowote.

Mara nyingi MLH1 hupotea kwa sababu swichi ya jeni yake imezimwa ndani ya uvimbe wenyewe, hasa kwa wazee. Hiyo hairithiwi. Ili kujua, maabara hutafuta badiliko la jeni ya BRAF liitwalo V600E. Lipo kingamwili la kulitambua kwenye slaidi, na vipimo vya jeni pia vipo. Likionekana pamoja na kupotea kwa MLH1, uwezekano wa urithi huwa mdogo sana.

Lakini kama BRAF haina badiliko hilo, au kama zilizopotea ni MSH2 au MSH6, au PMS2 peke yake, fikiria sindromu ya Lynch. Hii ni hali ya kurithi: kila mtoto wa mwenye hali hiyo ana nafasi ya nusu kwa nusu kuirithi, awe wa kike au wa kiume. Huleta saratani ya utumbo mpana, ya mji wa mimba, na nyingine kadhaa, mara nyingi katika umri mdogo.

Historia yake ilianza kwa mtu aliyesema na mwingine aliyesikiliza. Mwaka 1895, huko Ann Arbor, Michigan, daktari wa patholojia (msomaji wa vinyama) Aldred Warthin alimkuta fundi wake wa kushona nguo amejawa na huzuni. Yule mama akamwambia kwamba atakufa mapema kwa saratani ya utumbo au ya uzazi, kama walivyokufa wengi wa ukoo wao. Warthin hakumpuuza. Alichora ukoo ule mtu kwa mtu, akauchapisha mwaka 1913. Yule mama alikufa kama alivyosema, kwa saratani ya mji wa mimba. Miaka ya 1960 Henry Lynch akaendeleza kazi hiyo, na hali yenyewe ikapewa jina lake.

Nasimulia kisa hiki kwa sababu kwetu pia zipo koo ambazo vifo vya tumbo vimefuatana, na maelezo yanayotolewa ni kurogwa au laana ya mababu. Slaidi nne zinaweza kutoa maelezo mengine, tena yenye cha kufanya: ndugu aliyethibitika kuwa na jeni hiyo huanza kupimwa kwa kolonoskopi (kamera inayoingizwa kwenye utumbo mpana) kila baada ya mwaka mmoja au miwili, kwa kawaida tangu umri wa miaka 20 hadi 25 kama jeni ni MLH1 au MSH2, na vivimbe vidogo vinavyoota kwenye ukuta wa utumbo huondolewa kabla havijawa saratani. Mpigie simu shangazi, waulize wajomba. Andika nani alikufa kwa nini na akiwa na miaka mingapi, uende na karatasi hiyo kliniki.

Ki-67 yangu ni asilimia 80. Nijiandae kwa mabaya?

Usijiandae kwa lolote kwa sababu ya namba hiyo. Ki-67 ni protini inayoonekana kwenye seli zilizo katika mzunguko wa kujigawa. Jina lake limetokana na mji wa Kiel, Ujerumani, ambako kingamwili yake ilitengenezwa miaka ya mwanzo ya 1980. Kwenye saratani ya matiti na vivimbe fulani vya mfumo wa homoni, asilimia yake ina uzito. Kwenye saratani ya kawaida ya utumbo mpana iko juu karibu kwa kila mtu, na tafiti zimepingana hadi nyingine zimekuta wenye asilimia kubwa wakiishi muda mrefu zaidi. Haichagui matibabu.

Na p53?

Hadithi inafanana. Protini hii ni breki ya seli, na jeni yake imeharibika katika zaidi ya nusu ya saratani za utumbo mpana. Ikiharibika, ama protini mbovu hurundikana na slaidi yote inakuwa kahawia iliyokolea, ama haitengenezwi kabisa na slaidi inabaki tupu. Ajabu yake ni kwamba rangi nyingi na rangi sifuri zote zina maana ya uharibifu. Ile rangi ya hapa na pale ndiyo ya kawaida. Imetafitiwa kwa miongo mingi, na bado hakuna mwongozo wa tiba unaotegemea p53 kwa ugonjwa huu.

CDX2 ni ya nini?

Hutumika kwanza kama kitambulisho cha nyumbani. Ni protini ya kiini cha seli za utumbo. Mtu akija na uvimbe kwenye ini usiojulikana ulikotoka, CDX2 pamoja na protini nyingine iitwayo CK20 hutuelekeza kwenye utumbo.

Ina habari nyingine pia. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba saratani chache zilizokosa CDX2 zilikuwa na mwelekeo mbaya zaidi. Katika kundi dogo la wagonjwa wa hatua ya pili waliokosa protini hiyo, asilimia 91 ya waliopata tibakemia walikuwa hai bila ugonjwa baada ya miaka mitano, dhidi ya asilimia 56 ya wasioipata. Namba hizo zinavutia, lakini ni za watu 23 na 25 tu. Daktari mwangalifu huzitia akilini pamoja na mambo mengine, wala hazimwamulii peke yake.

Kwa nini EGFR haipimwi kwenye slaidi, ilhali kuna dawa inayoilenga?

Hili ni swali zuri, na jibu lake lilitufundisha unyenyekevu. Cetuximab ni kingamwili inayoziba kipokezi cha EGFR kwenye ngozi ya seli ya saratani. Ilipoidhinishwa Marekani mwaka 2004, sharti lilikuwa uvimbe uonyeshe EGFR kwenye slaidi. Ilionekana kuwa akili ya kawaida: pasipo shabaha, mshale wa nini? Muda si mrefu ikaonekana kwamba wasio na rangi nao hunufaika, na wenye rangi nyingi wengine hawanufaiki hata kidogo.

Tatizo lilikuwa ndani zaidi. Chini ya EGFR kuna protini iitwayo KRAS inayopokea amri na kuipitisha. Takriban saratani 40 katika 100 zina KRAS iliyobadilika na kukwama kwenye "washa". Ukifunga mlango wa juu, ya chini inaendelea kuunguruma. Tangu mwaka 2008 ushahidi umekuwa wazi, na leo kinachopimwa kabla ya dawa hiyo ni jeni za KRAS na nduguye NRAS, pamoja na BRAF. Badiliko la V600E la BRAF, kwa ugonjwa uliosambaa ambao MMR iko salama, ni dalili ya ukali.

HER2, kipokezi kingine kwenye ngozi ya seli, ni tofauti. Hiyo hupimwa kwa slaidi, na wachache, kama 3 katika 100 ya wenye ugonjwa uliosambaa, wanayo kwa wingi na wanaweza kufaidika na dawa zilizozoeleka kwenye saratani ya matiti.

Nimesoma kwamba hata seli za kinga huhesabiwa. Ni kweli?

Kweli, na kwangu ni moja ya mambo mazuri zaidi katika fani hii. Mwaka 2006 kundi la Jérôme Galon huko Paris lilionyesha kwamba wingi wa limfosaiti ndani ya uvimbe na kwenye mpaka wake hutabiri uhai. Wanazitambua kwa protini mbili, CD3 na CD8. Mwaka 2018 hesabu hiyo ilithibitishwa kwa wagonjwa 2,681 kutoka nchi 13. Kwetu haifanyiki kila siku, kwa kuwa inahitaji kompyuta ya kusoma slaidi. Hata hivyo, daktari wa patholojia anaweza kuandika kama limfosaiti ni nyingi au chache, na hilo halina gharama.

CEA kwenye damu ni protini hiyohiyo ya kwenye kinyama?

CEA hutengenezwa na seli za uvimbe na kuvuja kwenye damu. Iligunduliwa Montreal mwaka 1965. Kuipaka rangi kwenye kinyama hakusaidii kutabiri. Faida yake iko kwenye damu, hasa kwa ufuatiliaji. Pima kabla ya upasuaji, ili baadaye kuwe na cha kulinganisha. Haifai kumpima mtu asiye na ugonjwa kutafuta saratani, na kwa wavutaji sigara hupanda bila saratani.

Kwa nini kila mwaka inatangazwa protini mpya inayotabiri maisha, halafu haifiki hospitalini?

Kwa sababu kupata protini inayoonekana kutabiri ni rahisi, kuthibitisha ni kazi. Mtafiti huchukua vinyama 80 vilivyo ghalani, anapaka rangi, kisha anachagua mpaka wa "nyingi" na "kidogo" unaotoa tofauti kubwa. Maabara ya pili ikitumia kingamwili ya kampuni nyingine na mpaka mwingine, tofauti inayeyuka. Mwaka 2005 ulitolewa mwongozo uitwao REMARK unaowataka watafiti waeleze wazi vinyama vilitoka wapi, vilihifadhiwaje na mpaka ulichaguliwaje. Umesaidia, lakini bado tafiti nyingi hukwama palepale. Ukisoma kichwa cha habari cha namna hiyo, tafuta walipimwa watu wangapi na kama kundi jingine limerudia likapata jibu lilelile.

Basi nitaishi muda gani?

Protini hazijibu swali hilo. Linalolijibu kwa karibu zaidi ni hatua ya ugonjwa. Kwa takwimu za Marekani, saratani ikiwa bado ndani ya utumbo, watu wapatao 90 katika 100 wako hai baada ya miaka mitano. Ikifika kwenye tezi za jirani, 70 na kitu. Ikisambaa mbali, chini ya 20. Hizo si takwimu za kwetu, ambako wengi hufika wamechelewa baada ya kutibiwa bawasiri kwa miezi. Kwenye ripoti tazama pia tezi za limfu ngapi zilichunguzwa. Zikiwa chini ya 12, hatua uliyopewa inaweza kuwa ya chini kuliko ukweli, na daktari anapaswa kujua.

Huu si ugonjwa wa Wazungu?

Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda, aliuona ukiwa nadra huko, na mwaka 1971 alieleza kwamba chakula chenye makapi mengi ndicho kinga. Alikuwa sahihi kwa wakati wake. Leo kwenye meza yetu si ajabu kukuta kinyama cha mtu wa miaka 35. Kwa vijana hao hasa, protini nne za MMR zisikosekane.

Hospitali yetu haina vipimo hivi. Tufanyeje?

Mgonjwa halazimiki kusafiri. Kinachosafiri ni kipande cha nta. Kinyama kikishagandishwa hukaa miaka mingi, na maabara kubwa za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala hupokea vipande kutoka mikoani. Omba maabara iliyokipima ikuazime kipande chenye uvimbe mwingi pamoja na nakala ya ripoti, na weka sahihi ya kukirudisha. Uliza kabla kama wanakokipeleka wana kingamwili zote nne, au angalau PMS2 na MSH6. Kifunge kwenye karatasi ndani ya kiboksi kigumu, usikiache ndani ya gari juani, maana nta huyeyuka. Na kama upasuaji bado haujafanyika, mwulize muuguzi wa chumba cha upasuaji leo kama fomalini ipo na chombo kinatosha: fomalini inapaswa kuwa mara kumi ya ujazo wa kinyama.